Nani Analipia Kitanda? Nyumba za Uuguzi za Marekani na Kazi Zinazobadilika

Nyumba ya uuguzi, kwa maana inayotumika Marekani, si hospitali na wala si makao ya wazee ya kawaida, ingawa imechukua kitu kutoka kila upande. Ni jengo lenye leseni ya serikali ambamo watu, wengi wao wazee, hulala, hula, huogeshwa na kupewa dawa chini ya uangalizi wa wauguzi usiku na mchana, bila kuwa na chumba cha upasuaji wala daktari anayeshinda humo. Msomaji wa Afrika Mashariki asikiapo makao ya wazee hufikiria mahali kama Nunge, Kigamboni, au Fungafunga, Morogoro, au nyumba zinazosimamiwa na makanisa kama ile ya Thogoto, Kiambu, ambako mtu hupokewa hasa kwa sababu hana ndugu wa kumtunza au hana pa kuishi. Nyumba ya uuguzi humpokea mtu kwa sababu ya hali ya mwili wake, awe na watoto saba au asiwe na hata mmoja. Marekani ina nyumba za aina hiyo zipatazo 15,000, zenye wakazi wapatao milioni 1.2, na takriban saba katika kila kumi zinamilikiwa na watu binafsi au kampuni zinazotafuta faida.

Idadi hiyo ya wakazi inafaa kutazamwa kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ipo dhana iliyoenea kwamba Wazungu huwapeleka wazazi wao katika nyumba hizo mara tu wanapozeeka. Wamarekani waliotimiza umri wa miaka 65 wanazidi milioni 60, na wanaoishi katika nyumba za uuguzi kwa wakati wowote mmoja ni kama wawili tu katika kila mia. Sehemu kubwa ya kazi ya kuwatunza wazee wa nchi hiyo hufanywa majumbani na wake, waume na mabinti wasiolipwa hata senti. Nyumba ya uuguzi huingia pale ambapo nguvu za familia zimefika mwisho, au pale ambapo hospitali imeamua kwamba mgonjwa aondoke ilhali bado hawezi kusimama.

Kazi ya nyumba hizo imebadilika mara kadhaa katika muda wa takriban miaka 90, na ni kawaida mabadiliko hayo kuelezwa kwa kutaja maendeleo ya tiba, kurefuka kwa umri na kupungua kwa ukubwa wa familia. Sababu hizo ni za kweli lakini hazitoshi. Anayefuatilia historia yenyewe hukuta kwamba karibu kila mara sheria ya malipo ilitangulia kubadilika: serikali iliamua italipia nini na haitalipia nini, wenye nyumba wakaisoma sheria hiyo kwa makini kuliko hata walioitunga, na baada ya miaka michache kitandani akawa amelala mtu wa aina nyingine.

Mfano wa kwanza ndio unaoshangaza zaidi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, mzee maskini asiye na mtu alipelekwa katika nyumba ya maskini, yaani jengo lililoendeshwa na mji au kaunti kwa fedha za umma, ambamo alichanganywa na watu wenye ulemavu, wagonjwa wa akili na walevi wasio na makazi. Kuingia humo ilikuwa fedheha, na ilikusudiwa iwe fedheha, ili watu wasipende kuingia. Rais Franklin Roosevelt alipotia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii tarehe 14 Agosti 1935, sheria hiyo ilianzisha posho kwa wazee wasio na kipato, lakini walioiandika, kwa chuki waliyokuwa nayo dhidi ya nyumba za maskini, waliweka sharti kwamba posho hiyo isilipwe kwa mtu yeyote anayeishi katika taasisi ya umma. Matumaini yao yalikuwa kwamba wazee watachukua fedha zao, wataondoka, na nyumba hizo zitakufa zenyewe.

Nyumba za maskini zilipungua kweli, lakini wazee hawakuwa na pa kwenda. Wengi wao hawakuwa humo kwa ajili ya umaskini peke yake. Walikuwa wagonjwa wasioweza kujipikia, kujiosha wala kutembea, na posho haikuwapa miguu. Kwa kuwa fedha zilizokatazwa katika taasisi ya umma hazikukatazwa katika nyumba ya mtu binafsi, wajane wenye vyumba vya ziada na wauguzi waliokosa ajira wakati wa mdororo wa uchumi walianza kuwapokea wazee kwa malipo ya posho zao. Hivyo sharti moja la sheria, lililoandikwa kwa nia ya kuwarudisha wazee majumbani, likazaa biashara binafsi ya kuwatunza wazee ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1950 sheria ilirekebishwa, katazo likalegezwa, na majimbo yakatakiwa kuwa na utaratibu wa kutoa leseni, lakini kufikia wakati huo biashara ilikwisha kuota mizizi.

Sura ya majengo nayo ilitokana na fedha. Mwaka 1946 Bunge lilipitisha sheria ya kugharamia ujenzi wa hospitali, inayojulikana kwa majina ya maseneta wake wawili, Hill na Burton, na mwaka 1954 sheria hiyo ikapanuliwa ili ruzuku zifike pia kwa nyumba za uuguzi zisizo za kibiashara. Ruzuku zilikuja pamoja na viwango vya hospitali, yaani ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote mbili, vitanda viwili au zaidi kila chumba, meza ya wauguzi katikati na sakafu iliyo rahisi kupigwa deki. Ramani hiyo inamfaa mtu atakayelala siku tano. Mzee wa leo anayeishi miaka mitatu akitenganishwa na mgeni kwa pazia tu anaishi ndani ya mawazo ya wajenzi wa hospitali wa miaka ya 1950.

Kisha ikaja mwaka 1965. Tarehe 30 Julai, katika mji wa Independence, Missouri, Rais Lyndon Johnson alitia saini mbele ya rais mstaafu Harry Truman sheria iliyoanzisha mipango miwili ambayo mpaka leo ndiyo inayoendesha karibu kila kitu katika sekta hii. Wa kwanza ni Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa watu waliotimiza miaka 65, tajiri na maskini sawasawa. Wa pili ni Medicaid, mpango wa kuwagharamia matibabu watu wenye kipato kidogo, ambao fedha zake hutolewa kwa pamoja na serikali kuu na jimbo husika. Majina yanafanana, na Wamarekani wenyewe huyachanganya, lakini mbele ya mlango wa nyumba ya uuguzi tofauti yake ni kubwa mno.

Medicare hulipia nyumba ya uuguzi kwa muda mfupi tu, na kwa sharti kwamba mgonjwa anahitaji huduma ya kitaalamu baada ya kulazwa hospitalini: siku 20 za mwanzo hulipwa zote, kuanzia siku ya 21 mgonjwa huchangia (zaidi ya dola 200 kwa siku kufikia mwaka 2025), na baada ya siku ya 100 malipo hukoma. Haikuwahi kukusudiwa kumlipia mtu aishi humo. Anayelipia kuishi ni Medicaid, lakini Medicaid ni ya maskini, na katika majimbo mengi mtu asiye na mwenzi hatakiwi kubaki na akiba inayozidi dola 2,000. Kwa kuwa kitanda katika chumba cha watu wawili kinagharimu kwa kawaida zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, mwalimu mstaafu mwenye akiba ya kutosha kwa maisha ya kawaida huweza kuimaliza yote ndani ya miaka miwili, na hapo ndipo anapostahili kusaidiwa. Kuwagawia watoto mali mapema hakusaidii sana, kwa sababu jimbo hukagua zawadi zote alizotoa mwombaji katika miaka mitano iliyotangulia, na tangu mwaka 1993 majimbo yametakiwa kudai gharama za utunzaji kutoka katika mali aliyoiacha marehemu, ikiwemo nyumba. Matokeo ni kwamba mpango uliobuniwa kwa ajili ya maskini umegeuka kuwa bima ya uzee ya watu wa tabaka la kati, na leo ndio unaowalipia takriban wakazi sita katika kila kumi.

Fedha hizo zilipoanza kumiminika bila ukaguzi wa maana, walioingia katika biashara hawakuwa wote watu wema. Miaka ya 1970 ilijaa kashfa za majengo yasiyo na njia za kutokea wakati wa moto, vyakula vya kupunja na wenye nyumba waliojilipa kodi kubwa kupitia kampuni zao wenyewe. Kamati ndogo ya Seneti iliyoongozwa na Frank Moss wa Utah ilichapisha taarifa baada ya taarifa, na mabadiliko yakachelewa. Ni baada ya uchunguzi wa Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo, uliotolewa mwaka 1986, ndipo Bunge lilipopitisha mwaka 1987 sheria ya marekebisho ambayo bado ni msingi wa usimamizi wote. Sheria hiyo iliamuru kila mkazi apimwe hali yake kwa fomu moja ya taifa zima, wahudumu wasaidizi wafunzwe kwa saa zisizopungua 75, muuguzi mwenye sifa kamili awepo angalau saa 8 kila siku, na ikatamka kwamba mkazi ana haki, ikiwemo haki ya kutofungwa.

Haki hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Ilikuwa kawaida kwa mzee kuamkia kwenye kiti akiwa amevishwa fulana yenye mikanda iliyofungwa nyuma ya kiti, kwa hoja kwamba asipofungwa ataanguka, na ndugu waliokuja kumtazama waliambiwa kwamba ni kwa usalama wake. Uzoefu na utafiti ulionyesha kinyume: misuli isiyotumika huisha, vidonda hutokea sehemu zinazokandamizwa, na wapo walionyongwa na mikanda ileile wakijaribu kujinasua. Baada ya sheria, kufungwa kwa mikanda kulipungua mwaka hadi mwaka mpaka leo ni nadra. Hata hivyo nyumba nyingi zilihamia kwenye vidonge. Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa makali ya akili zilipewa wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ili watulie, na mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kuonya kwamba dawa hizo huongeza vifo kwa wagonjwa wa aina hiyo. Nyumba zilipoanza kupewa alama za ubora kufuatana na matumizi ya dawa hizo, wagonjwa wa skizofrenia, mojawapo ya magonjwa makali ya akili ambayo dawa hizo zilitengenezewa, hawakuhesabiwa, na ghafla baadhi ya nyumba zikawa na wazee wengi waliogunduliwa skizofrenia uzeeni, jambo ambalo kitabibu ni nadra sana. Mwaka 2023 serikali ilitangaza ukaguzi wa nyumba zinazoandika ugonjwa huo.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote halikuanzia kwenye nyumba zenyewe. Mwaka 1983 Medicare iliacha kuilipa hospitali kwa gharama ilizotumia na kuanza kuilipa kiasi kimoja kilichopangwa kwa kila aina ya ugonjwa. Aliyevunjika nyonga ana bei yake, alale siku nne au siku ishirini. Kwa utaratibu wa zamani kila siku ya ziada ilikuwa mapato. Kwa utaratibu mpya kila siku ya ziada ni hasara, na hospitali zikaanza kuwatoa wagonjwa mapema, wakiwa bado na mshono mbichi, dripu mkononi au mpira wa mkojo. Lazima waende mahali. Nyumba za uuguzi, ambazo zilizoea kuwatunza watu waliodhoofika polepole, zikajikuta zinapokea watu ambao miaka michache nyuma wangekuwa bado wodini.

Tangu hapo katika jengo moja zinakaa jamii mbili za watu. Wapo wa kupita, waliotoka kuwekewa nyonga bandia au waliopatwa na kiharusi, wanaokaa wiki mbili tatu wakifanyishwa mazoezi ya viungo na kisha kurudi makwao. Na wapo wa kudumu, ambao hawatarudi. Mgeni anayeingia katika nyumba nyingi anaweza kuitambua mipaka bila kuambiwa: upande wa mbele kuna rangi mpya, mashine za mazoezi na ngazi fupi ya mbao isiyokwenda popote, ambayo mgonjwa hujifunzia kupanda na kushuka kabla ya kuruhusiwa, upande wa nyuma viti vya magurudumu vimepangwa kando ya ukuta na televisheni inawatazama wasioitazama. Malipo ya Medicare kwa mgonjwa wa kupita ni makubwa kuliko yale ya Medicaid kwa mkazi wa kudumu, na wenye nyumba wanasema waziwazi kwamba faida ya upande wa mbele ndiyo inayoziba pengo la upande wa nyuma. Hapo mwenye akili ya biashara hajiulizi jirani gani anamhitaji. Anajiuliza ni hospitali ipi itamletea nyonga.

Mgonjwa mwenyewe hukutana na mantiki hii kwa njia anayoiona kuwa ya ajabu. Ili Medicare ilipie nyumba ya uuguzi, sheria inataka awe amelazwa hospitalini siku tatu mfululizo. Hospitali hata hivyo zinaweza kumweka mtu kitandani, zikampa dawa, chakula na bangili ya jina mkononi, huku kwenye kompyuta ameandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi tu na hajalazwa. Mzee anaweza kulala wodini usiku tatu, akahamishiwa nyumba ya uuguzi, na baadaye akaletewa ankara ya maelfu ya dola kwa sababu kisheria hakuwahi kulazwa. Malalamiko yalipozidi, Bunge halikuondoa sharti. Mwaka 2015 lilipitisha sheria ya kuzitaka hospitali zimpe mgonjwa karatasi ya kumweleza kwamba hajalazwa. Zaidi ya nusu ya wanachama wa Medicare sasa wako katika mipango inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima, ambazo aghalabu husamehe sharti la siku tatu, lakini huweka kibali chao wenyewe na huweza kukatisha malipo mapema kuliko alivyotarajia mgonjwa.

Mazoezi ya viungo yanatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Kuanzia mwaka 1998 nyumba zililipwa kwa siku kufuatana na dakika za mazoezi alizopata mgonjwa katika wiki, na daraja la juu la malipo lilianzia dakika 720. Ikawa wagonjwa wengi sana wanapata dakika 720 na kidogo zaidi, hata wale waliokuwa mahututi kiasi cha kushindwa kuinua kijiko. Tarehe 1 Oktoba 2019 serikali ilibadilisha fomula, ikaanza kulipa kufuatana na hali ya mgonjwa bila kuhesabu dakika, na mara moja dakika zikapungua, mazoezi ya vikundi yakaongezeka, na baadhi ya wataalamu wa mazoezi wakapunguzwa kazini. Mifupa ya wagonjwa haikubadilika katika usiku ule mmoja; kilichobadilika ni fomu.

Wakati huohuo wenye nafuu walikuwa wakiondoka. Tangu mwaka 1981 majimbo yaliruhusiwa kuomba kibali cha kutumia fedha za Medicaid kumhudumia mtu nyumbani kwake, na mwaka 1999 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya Olmstead iliyotoka Georgia, iliamua kwamba kumweka mtu mwenye ulemavu katika taasisi bila sababu, ilhali anaweza kuhudumiwa katika jamii, ni ubaguzi. Huko San Francisco, katika mtaa wa Wachina, shirika la On Lok lilikuwa limeonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mzee anayestahili kuingia nyumba ya uuguzi anaweza kuchukuliwa asubuhi kwa basi dogo, akaonwa na daktari, akala na wenzake na kurudishwa kwake jioni. Wenye uwezo wa kifedha nao walihamia makazi yenye usaidizi, yaani majengo ya vyumba binafsi yenye milango ya kufungwa kwa ufunguo, ambayo yalishamiri kuanzia miaka ya 1980 na ambayo Medicare haiyalipii. Waliobaki katika nyumba za uuguzi ni wale ambao hakuna mpango mwingine unaowaweza, na takriban nusu yao wana dimenshia.

Korona iliwakuta hao. Nyumba moja ya uuguzi huko Kirkland, Washington, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza nchini ambapo ugonjwa ulilipuka, mwishoni mwa Februari 2020, na tarehe 13 Machi serikali ilizitaka nyumba zote zizuie wageni. Kwa muda wa mwaka mzima mabinti walisimama nje ya madirisha wakizungumza na mama zao kwa simu kupitia kioo. Kufikia mapema mwaka 2022 wakazi na wafanyakazi zaidi ya 200,000 wa taasisi za utunzaji wa muda mrefu walikuwa wamefariki. Vyumba vya kuchangia vilisaidia maambukizi, na mishahara pia ilisaidia, kwa kuwa wahudumu wengi walifanya kazi katika nyumba mbili au tatu ili watimize kipato cha mwezi, na virusi vikasafiri nao kutoka zamu hadi zamu.

Zipo nyumba zilizojaribu kutoka kabisa katika ramani ya hospitali. Daktari Bill Thomas, aliyewahi mwaka 1991 kuingiza mbwa, paka na ndege mia moja katika nyumba ya uuguzi aliyokuwa akiihudumia huko New Berlin, New York, alibuni baadaye nyumba ndogo za watu kumi hadi kumi na wawili, na za kwanza zilifunguliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 2003. Kila mkazi ana chumba na choo chake, jiko liko wazi katikati, meza ni moja, na mhudumu anayemwogesha mtu asubuhi ndiye huyohuyo anayempikia mayai. Anayetaka kuamka saa nne huamka saa nne. Nyumba za mtindo huo zimebaki mia chache tu katika nchi nzima, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: Medicaid kwa kawaida hailipi zaidi kwa ajili ya meza moja na chumba cha mtu mmoja.

Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili nyumba hizi haziko mbali kama ramani inavyoonyesha. Zaidi ya robo ya wahudumu wanaowatunza moja kwa moja watu wa taasisi na majumbani Marekani ni wahamiaji, na katika miji kama Lowell, Massachusetts, kwenye miji ya Minnesota yenye Wakenya wengi, au Maine walikohamia watu wa Kongo na Burundi, uhudumu msaidizi ndio mlango wa kwanza wa ajira kwa aliyefika, awe alikuwa mwalimu Kisii au karani Bukavu, kwa sababu mafunzo yake huchukua wiki chache na zamu za usiku hupatikana daima. Sehemu ya fedha zinazojenga nyumba Eldoret na kulipa ada za shule Kigoma hutoka katika zamu hizo.

Kazi yenyewe ni ya mwili na ya saa. Mhudumu mwenye wakazi 10 katika zamu ya saa 8 ana dakika 48 kwa kila mmoja, kabla ya kutoa muda wake wa kula na wa kuandika kwenye kompyuta kila alichokifanya. Katika dakika hizo amgeuze mtu ubavu ili asipate vidonda vya kulalia, ambadilishe nepi, amnawishe, asafishe meno ya bandia, amvalishe soksi zisizoteleza, amtafute mwenzake wa kusaidiana naye kumwinua kwa mashine, amweke kwenye kiti cha magurudumu, ampeleke kwenye chakula na, ikiwa hawezi kujilisha, ambembeleze kijiko kwa kijiko. Mtu aliyelelewa kumwamkia mzee kwa shikamoo na kuipokea marahaba hujikuta akimwita bibi wa miaka 90 kwa jina lake la kwanza, kwa sababu ndivyo bibi mwenyewe alivyotaka kuitwa siku alipopokewa. Kengele ikilia vyumba vitatu kwa pamoja, wawili watangoja, na mmoja wao huenda akajaribu kwenda chooni peke yake.

Kwa hiyo ubora wa nyumba ya uuguzi, ukiachwa upambaji wa ukumbi wa mbele, kwa kiasi kikubwa ni hesabu ya dakika, na mwaka 2024 serikali kuu ilijaribu kwa mara ya kwanza kuiandika hesabu hiyo katika kanuni: kila mkazi apate kwa siku wastani wa saa 3.48 za kuhudumiwa, zikiwemo saa 2.45 za wahudumu wasaidizi, na muuguzi mwenye sifa kamili awepo saa zote 24. Wenye nyumba walipinga kwamba wafanyakazi hao hawapo, kwamba Medicaid hailipi kiasi cha kuwaajiri, na kwamba nyumba za vijijini zingefungwa, hoja ambazo hazikuwa za uongo mtupu, kwa kuwa kanuni ilitaka watu bila kuleta fedha za kuwalipa. Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliifuta, na Julai mwaka huo Bunge, katika sheria ileile iliyopunguza matumizi ya Medicaid, likazuia kanuni hiyo isitekelezwe hadi mwaka 2034. Kufikia hapo watangulizi wa kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wale wa mwaka 1946, watakuwa na umri wa miaka 88.